Mfereji wa Maji ya Tambi

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na nne Januari, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa kumi na robo alasiri, pale Mansur alipomwaga maji ya tambi.

Kabla ya hapo hakukuwa na neno. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, uani kwake Mtopanga, akikuna jibini. Ilikuwa ngumu, na Mansur alijua ugumu ni nini, maana alivunja mawe kwenye machimbo ya Bamburi miaka ishirini na sita, na wakubwa wa kule wakamuaga kwa saa ya ukutani isiyokwenda. Jibini hiyo aliachiwa na mkewe, Kuluthum. Kuluthum alikuwa mpishi wa Mtaliano mmoja mwenye nyumba karibu na pwani, na Mtaliano alipouza nyumba akarudi kwao, alimpa kipande kikubwa kama tofali, akamwambia hicho ni kitu cha thamani kuliko bahashishi. Kuluthum akafa kabla hakijesha. Kikakaa miaka miwili kwenye friji ya jirani, Bi Mwanarusi, katikati ya barafu za ukwaju anazouza, mpaka Mwanarusi akauliza kama Mansur atakuja kukichukua au amekiweka wakfu.

Sasa, tambi za watu wa kwetu ni za sukari, nazi na iliki, na hilo halina mjadala. Za Kuluthum zilikuwa za chumvi, jibini, pilipili manga na limau. Mwanzo mtaa ulimwonea huruma Mansur, wakidhani mkewe amekosa sukari. Yeye alikula, akaomba tena. Miaka kumi na minne alikula sahani ile kila Jumanne, na tangu awe mjane hakuionja.

Ila hakuwahi kusimama jikoni. Alikuwa akikaa kwenye mkeka na chai yake, akimtazama Kuluthum kwa nyuma. Kwa hivyo mapishi yale aliyajua kwa upande wa mgongo tu. Alijua pilipili manga hukaangwa kavu mpaka zikanukia, kisha hupondwa kwenye kinu, zisiwe unga. Alijua tambi huchemshwa kwa maji machache yenye chumvi. Alijua ganda la limau hukwanguliwa ile njano peke yake, nyeupe ikaachwa. Lakini yale yaliyofanywa na mikono mwishoni, mgongo uliyaziba.

Basi akafanya kama afanyavyo mtu yeyote wa Mombasa aliyewahi kuona biriani ikipikwa. Mchele wa biriani ukishaiva nusu, huchujwa, maji yakamwagwa. Akachuja tambi kwa kung'uto, na yale maji akayamwaga chini ya mfereji wa bomba uani, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na saruji.

Mfereji ule ulikuwa haujatoa tone kwa miaka kumi na mmoja. Watu wa afisi ya maji walikuja wakaufunga, wakasema ni kwa wiki mbili. Mansur alikuwa akiutundikia taulo.

Alipotia jibini kwenye tambi, jibini ilijikusanya ikawa donge. Akatia limau, donge likakaza. Akakoroga, akapata mpira. Aliula wote, maana hakulelewa kutupa chakula, na alikuwa bado hajanawa mkono pale mfereji ulipokohoa. Ulikohoa mara tatu, ukatema kutu, ukatema buibui, kisha ukaanza kutoa.

Yalikuwa ya moto, meupe kidogo kama maji ya mchele, na yana chumvi. Mansur akaonja. Yalikuwa yale yale aliyoyamwaga, ila sasa hayakuwa na mwisho.

Akamwita Mwanarusi. Mwanarusi akaja na upawa, akaonja, akasema chumvi imepungua, akarudi kwake kuchukua ndoo.

Siku ya pili Mansur alikinga bakuli moja, akasugulia jibini humo kwa kijiko. Haikufanya donge. Ililainika, ikawa nzito na nyeupe kama tui la kwanza. Akatia tambi, pilipili manga, ganda la limau na matone machache ya maji yake, akageuza mbali na moto. Alipoonja alikaa kitako palepale chini. Ndipo akajua mkewe miaka yote ile alikuwa akiweka kando bakuli la maji ya tambi, na hakumwambia, kwa sababu hakuuliza.

Kufika Alhamisi, mifereji yote ya laini ile, kutoka msikitini mpaka kwenye kinu cha kusagia mahindi, ilikuwa ikitoa maji ya tambi. Watu wakapanga maisha. Asubuhi walichemshia mihogo, maana hayakuhitaji chumvi. Mwanarusi alijaribu barafu, zikauzika kwa wajawazito. Nguo zilizofuliwa zilikauka zikiwa ngumu. Imamu wa mtaa, Ustadh Jamaludin, alivua kanzu yake siku ya Ijumaa, na kanzu ikabaki imesimama, mikono mbele, na waliochelewa wakaunga safu nyuma yake.

Ustadh ndiye aliyeulizwa kama maji yale yanafaa kutawadhia. Alijifungia na vitabu siku mbili, akatoka, akajibu kwamba ni safi, si najisi, mtu anaweza kuyanywa na kuyapikia, lakini hayo ni chakula, na chakula hakimtoharishi mtu, hai wala maiti. Kwa hivyo maji ya udhu yaliendelea kununuliwa kwa mitungi kwenye mikokoteni, kama zamani. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wamezoea.

Mansur peke yake ndiye aliyekosa usingizi, na si kwa ajili ya tambi.

Tangu Kuluthum afe, kila Jumatatu alikuwa akienda afisi ya maji. Alivaa shati la mikono mirefu, akakaa kwenye benchi, akauliza laini ya Mtopanga itafunguliwa lini. Kwa miaka miwili aliambiwa mkubwa yuko mkutanoni. Mkutano gani huo usiokwisha miaka miwili, hata mayai yangekuwa yameanguliwa na vifaranga wameoa. Lakini Desemba walimwonyesha karatasi. Ilikuwa orodha ya mifereji mikavu itakayowekewa bomba jipya kabla ya Ramadhani, na laini yao ilikuwa ya nne. Mansur aliigusa kwa kidole ile nne. Hakuna kitu kingine alichokuwa akikingoja duniani.

Na sasa mfereji haukuwa mkavu.

Afisa aliyekuja kukagua aliitwa Chrispine. Alikuwa kijana mpole, mwenye buti safi na ubao wa kuandikia, na alimpa Mansur shikamoo kabla ya kufungua kalamu. Akafungua mfereji, ukatoa. Akatazama mita, ikazunguka. Akasema hongera.

Mansur akamwambia hayo si maji.

Chrispine akaweka mkono chini ya mfereji, akautoa haraka kwa sababu ya moto, akautazama. "Mzee wangu, mimi natoka Busia," alisema. "Kwetu maji ikitoka kwa bomba, hiyo ni maji."

Mansur hakubishana. Mtu aliyesoma mpaka darasa la tatu hawezi kubishana na mtu mwenye ubao wa kuandikia. Akamwambia akae kwenye mkeka, ajithibitishie kwa macho yake. Akawasha makaa. Akaketi juu ya mbuzi, akakuna jibini yote iliyobaki, mpaka gamba. Mwanarusi akaletwa awe shahidi, akaja na kiti chake.

Mansur aliweka mabakuli mawili mbele ya afisa. Kwenye la kwanza alitia jibini na maji ya kisima, aliyoyapasha moto sawasawa na yale ya mfereji. Akasugua. Ikawa donge, ikashikamana na kijiko, na kijiko kikakataa kutoka. Kwenye la pili akatia jibini na maji ya mfereji, mbele ya macho ya serikali. Ikalainika. Ikawa tui. Akakaanga pilipili manga, akaziponda, akachemsha tambi kwa maji yale yale ya mfereji, akazitia kwenye bakuli la pili akizigeuza taratibu, mkono wa kushoto ukikwangua limau juu yake. Harufu ikapita ukutani, na kwa jirani wa pili mtu akasikika akiuliza leo ni sikukuu gani.

"Maji ya Mungu hayafanyi hivi," Mansur alisema. "Andika."

Chrispine aliomba kwanza aonje, ili ripoti iwe kamili. Akaonja. Akaomba uma, hakukuwa na uma, akala kwa mkono. Alimaliza sahani, akapewa ya pili, akaikamulia kipande cha limau mwenyewe bila kuambiwa, na alipofika chini alipangusa sahani kwa kidole kama mtu aliyekumbuka kwao.

"Nimekubali," alisema. "Hii ni maji ya tambi kabisa. Siwezi bisha na mtu."

Mansur alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Mwanarusi alivuta kiti karibu ili aone ikiandikwa.

Chrispine akashika kalamu, akapiga alama. Mansur aliijua herufi ya N. Alama ilikuwa kwenye Ndiyo.

Alipoulizwa, Chrispine hakukasirika. Aliugeuza ubao ili wote waone. Fomu ilikuwa na swali moja tu, kama mfereji unatoa, na visanduku viwili, Ndiyo na La. Alisema yeye angependa kuwe na kisanduku cha tatu, lakini fomu zilichapishwa Nairobi. Chini palikuwa na mstari wa ubora wa huduma, na hapo, kwa heshima yake Mansur, alikuwa ameandika: mzuri sana.

"Na ile orodha?" Mansur aliuliza.

"Orodha ni ya mifereji mikavu, mzee."

Mwanarusi alimtazama afisa, akatazama sahani mbili zilizopanguswa zikang'aa. "Mwanangu," alimwambia, "wewe umekula ushahidi."

Chrispine alikiri, akaomba radhi, akauliza kama umebaki.

Haukuwa umebaki. Akafunga kalamu, kisha akaifungua tena, akasema mwisho wa fomu kuna mstari wa maoni ya mwananchi, na mwananchi ana haki ya kuandika lolote, na afisi ina lazima ya kujibu kwa siku ishirini na moja. Akampa Mansur kalamu. Mansur aliandika kwa herufi kubwa, moja moja, kwa muda ambao makaa yalizimika na Mwanarusi akaenda kwake akahudumia wateja watatu akarudi. Chrispine aliusoma mstari, akasoma tena. Aliikunja fomu, akaitia mfukoni badala ya kuibana ubaoni, akampa Mansur mkono, akaenda zake.

Laini ya Mtopanga ilifutwa kwenye orodha wiki ile ile. Kabla ya Ramadhani afisi ilituma watu waje wasimamishe kibao cha buluu barabarani, kinachosema huduma imerejea, na mkubwa mwenyewe akaja kupigwa picha. Alikunywa glasi moja ya maji ya mfereji mbele ya kamera, akasema yana ladha ya nyumbani. Nyumbani kwake yeye, mfereji hutoa maji.

Mtaa ulifungua saumu mwezi mzima kwa tambi za pilipili manga na limau. Jibini ilipoadimika walitumia maziwa ya mgando, na Mwanarusi akagundua kwamba kidogo cha nazi hakiharibu, jambo ambalo Mansur analipinga mpaka leo. Watoto wanaozaliwa sasa wanadhani maji ni meupe. Mfereji ukikohoa, watu husogeza sufuria bila kukatiza mazungumzo.

Siku ishirini na moja zilipita, zikapita tena, zikapita zaidi. Mansur huenda afisini kila Jumatatu kwa shati lile lile. Karani humwonyesha fomu yake ndani ya faili. Imepigwa mhuri mara tano, kila mhuri wa idara yake, na mmoja umepigwa kichwa chini. Karani humwambia mkubwa ameiona, wanasheria wameiona, imepelekwa juu ikarudi. Chrispine alihamishwa. Kabla ya kuhama alipitia kwa Mansur na mfuko wa malimau, akakaa kwenye mkeka nusu saa, na walipoagana alimwambia kwamba swali lile aliwasomea wakubwa yeye mwenyewe, kwa sauti, mezani, nao wakaagiza chai.

Mstari uko pale, kwa herufi za mtu wa darasa la tatu, na nafasi ya jibu chini yake ni nyeupe:

KULUTHUM WANGU ALIOSHWA KWA MITUNGI SITA YA KUCHANGIWA NA MAJIRANI. MIMI SIKU YANGU IKIFIKA MTANIOSHA KWA NINI?