Mtambo Uliofungwa Ovyo

Mgeni njoo, mwenyeji afagie. Ndivyo ilivyokuwa mtaani kwetu kiwanda cha nguo kilipogeuzwa ukumbi wa picha, mkahawa na ofisi zenye kuta za vioo. Shangazi yangu, aliyefuma humo miaka ishirini na sita, alirudi kwa mlango uleule akiwa mfagiaji. Mimi nilipewa meza ya mapokezi.

Hakunung'unika. Alifurahi mtaa kuchangamka tena, na kahawa ya bure aliisifu hadi ikaona haya. Kilichomkera ni ule mtambo wa kufumia kwa mkono uliowekwa ukumbini kama pambo. Enzi zake ndio aliofumia vipande vya mfano, na sasa mpambaji alikuwa ameuzungushia nyuzi za rangi saba, ovyo, kama kamba za kuanikia.

"Niache niufunge nyuzi mwenyewe, mwanangu," alimwomba meneja. "Siku ya ufunguzi niwafumie wageni."

"Mama, wewe shika ufagio. Ukiugusa huo mtambo, kazi huna."

Asubuhi ya ufunguzi meneja alikwenda kumpokea tajiri mwenye jengo. Nikamwona Shangazi anapangusa vumbi kandokando ya mtambo, kwa mbali, kama anayempita mbwa mkali. Nilichukua mkasi wa kukatia utepe, nikazikata nyuzi zote.

"We mtoto! Umerogwa?"

"Aliyekatazwa ni wewe, Shangazi, si mimi. Na pambo limeshaharibika, utaliharibu mara ngapi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaleta nyuzi nyeupe zilizosahauliwa stoo, akavua viatu, akaanza kutanda, akizinyoosha mtamboni uzi mmoja mmoja, upana wa shubiri tu. Hadi alasiri hakula.

Wageni walipoingia, meneja na tajiri wakiwa mbele, walikuta mtambo unapiga: taka-tak, taka-tak. Wafumaji wenzake wa zamani walijazana madirishani.

"Kaza, dada! Unafuma au unabembeleza?"

"Njoo ufume wewe, kama hiyo mikono haijaota kutu!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Tajiri akakipapasa kile kitambaa, akataka huyu mama aketi hapo kila siku.

Meneja alinivuta pembeni, jasho likimtoka.

"Shangazi yako kiti amepata. Lakini wewe umeharibu kazi ya mtu. Utamwomba mpambaji radhi, hapa hapa, mbele ya watu."

"Siombi."

"Neno moja tu, dada."

"Hata nusu yake. Siombi radhi."