Vifuko vya Shangazi

Kazi yangu maabarani ni kujaza vifuko. Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, hata hadubini ya kawaida haivioni, na kwa vifuko hivyo hutumiana habari. Sisi tunavikusanya, tunavitia dawa, kisha mgonjwa anatundikiwa dripu. Mwili hauvifukuzi kwa kuwa unaviona ni vya nyumbani.

Nilipomweleza shangazi, fundi cherehani asiyekubali nguo mpaka akague mshono, alicheka. Kumbe mnaivisha dawa nguo za mwenyeji, alisema, basi pimeni vizuri isije ikabanwa. Alikuwa na uvimbe ubongoni, mahali ambapo dawa nyingi hazifiki. Akajiandikisha kwenye jaribio letu siku hiyo hiyo, wala hakuomba ushauri wa mtu.

Jaribio lina sharti moja ninalolichukia. Nusu ya wagonjwa hupewa vifuko vitupu, ili ijulikane kama kinachoponya ni dawa au ni matumaini tu. Wodini hakuna anayejua nani kapata nini. Chupa na mirija hufika imeshafunikwa kwa kitambaa cheusi. Waliopata vitupu watapewa vya kweli mwakani, vikifaa. Kwa shangazi, mwakani ni mbali.

Nilikwenda kumwona akiwa kwenye dripu. Aligeuka ili aicheke sketi yangu, kitambaa kikateleza. Dawa yetu ni ya manjano, hata kucha zangu zinaijua. Kilichokuwa kikipita kwenye mrija wa shangazi kilikuwa cheupe kama maji. Nikakirudisha kitambaa mbio mbio, nikaanza kusimulia habari za mvua.

"Mvua gani, na jua lote hili?" aliuliza.

Nilitaka kuuchomoa ule mrija, nikimbilie maabara nikamletee chupa nyingine. Sikuinuka, maana jaribio lote lingeharibika. Nilimpenda, na niliona uchungu kukaa tu pale nimekunja mikono.

"Tulia, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyeshona vifuniko hivi hajui kazi. Vinateleza tangu asubuhi. Mrija wangu mweupe." Akaelekeza kidevu kwenye kitanda cha jirani, alikolala mama mmoja mnene, mdomo wazi. "Wa huyu ni wa manjano, kama kucha zako."

Akaniomba nimvutie yule mama blanketi, miguu ilikuwa nje.

"Mwangalieni sana huyu," alisema. "Nisije nikawa nimelala hapa bure."