Honi Juu ya Barafu

"Napanda kwa sababu ya hicho kidude, Baba. Si kwa sababu yako."

Hivyo ndivyo Solveig alivyomwambia Verlyn Tesch asubuhi ile, na Verlyn akalimeza neno hilo kama dawa. Ajali ya pili ya ulevi wake ilimwachia binti kovu lililokata nyusi. Tangu hapo mtoto hakuwahi kukaa ndani ya pikapu ya babake. Verlyn alipokamatwa mara ya tatu, mahakama iliamuru gari lifungwe kifaa cha kupima pumzi: pumzi safi, injini inawaka, pumzi ya pombe, gari linakuwa jiwe. Sasa zilibaki wiki mbili tu kifaa kifunguliwe, arudishiwe leseni yake kamili. Akishindwa kipimo, mwaka unaanza upya.

Waliteremka kwenye ziwa lililoganda, wakafuata njia ya magari iliyopita juu ya barafu. Misonobari ya mapambo iliyotupwa baada ya Krismasi ilikuwa imechomekwa kandokando kuonyesha njia. Kwenye kibanda cha uvuvi cha rafiki yake Norb Kuchta, Solveig alibaki nje kulinda mishipi iliyozamishwa kwenye matundu ya barafu. Verlyn akaingia kuota moto.

Ndani walikuwa wanamkumbuka Arlo, mwenzao aliyekufa wakati wa kiangazi. Desturi ya kibanda ilikuwa moja: chupa ya brandi inazunguka, kila mtu anamwagia marehemu kidogo kwenye tundu la kuvulia lililotobolewa katika barafu, kisha anakunywa.

"Mimi namwaga tu," Verlyn alisema.

"Ala! Umekuwa padri?" Norb akacheka. "Arlo alikubeba mgongoni toka baa mara ngapi? Leo unamnyima funda moja?"

"Nina kidude kwenye gari, bwana."

"Kidude kimemjua Arlo? Kula theluji, tafuna samaki wa siki, harufu yote inakwisha. Sote tumefanya hivyo."

Verlyn akamwaga. Brandi ikazama kwenye maji meusi. Kisha akanywa funda moja, nalo likamwita mwenzake, na mwenzake akawaita jamaa.

Alipotoka alijaza theluji mdomoni hadi meno yakauma. Upepo ulikuwa umegeuka, unachuna uso. Solveig alikuwa ameshaingia garini, mikono kwapani. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Umekunywa."

"Kidogo. Kwa ajili ya Arlo." Akaziba kwa kidole gumba jicho la kamera ya kifaa, inayompiga picha anayepuliza, akamsogezea. "Puliza wewe, mwanangu. Pumzi moja tu twende nyumbani. Nikishindwa hapa, kila kitu kimekwenda."

"Nenda ukamwambie Norb atupeleke."

"Norb amelewa kuliko mimi! Solveig, nakuomba. Unatetemeka."

Ni kweli alikuwa anatetemeka. Akapuliza. Taa ikawa kijani, injini ikanguruma, na Verlyn akacheka kicheko cha mtu aliyeponyoka kitanzi. Binti hakucheka. Aliifuta midomo yake kwa glavu, akaifuta tena, akaifuta tena.

Walikuwa katikati ya ziwa kifaa kilipolia. Verlyn alikijua kilio hicho: hudai pumzi nyingine gari likiwa mwendoni, kwa ajili ya wajanja kama yeye.

"Haraka, puliza."

Solveig akaitazama misonobari ikipita dirishani.

"Puliza, mtoto! Kitapiga honi!"

"Puliza mwenyewe."

"Mwaka mzima, Solveig! Mwaka mzima nimejinyima!"

"Nilikuwa nahesabu siku na mimi," alisema. "Nilipanda kwa sababu ya hicho kidude. Sasa umenigeuza mimi kuwa kidude."

Honi ikaanza. Taa zikawaka na kuzima, sauti ikatambaa juu ya barafu hadi ufukweni na kurudi. Milango ya vibanda ikafunguka mmoja mmoja. Verlyn akakanyaga breki, na kabla gari halijatulia Solveig alikuwa ameshashuka. Alivuta kofia masikioni, akashika njia ya misonobari.

"Solveig! Rudi, utaganda!"

Hakugeuka.

Verlyn akazima injini, honi ikakatika. Alimwita tena, jina likaenda na upepo. Alijaribu kuwasha. Gari lilikuwa jiwe. Kifaa kikasubiri. Akakitia mdomoni, macho yake kwenye koti la bluu lililokuwa linapungua kati ya miti iliyokufa, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Nyekundu.