Mihayo Alipokwamwa na Mwiba

Katika Chuo cha Makerere, mwaka ule wa 1956, wasichana walikuwa haba kama mvua ya mwezi wa nane, na kila mmoja wao alikuwa na foleni yake. Kornelia, binti Boniventura wa Lamadi, hakukosa ya kwake. Alikuwa mwaka wa pili akisomea ualimu, msichana mrefu mwenye sauti ya chini na kicheko cha ghafla. Kila Jumamosi alasiri, saa ambazo mlezi wa bweni, mama mmoja wa Kiingereza, aliruhusu wageni wa kiume kuketi sebuleni na kunywa chai, hakukosekana kijana mwenye tai akimngoja.

Taabu ilikuwa mazungumzo yenyewe. Kijana wa kwanza alimsimulia habari za Warumi tangu mwanzo wao, na kengele ya saa kumi na mbili ilipogongwa, Warumi walikuwa hata hawajavuka mto. Wa pili alimsomea shairi refu la Kiingereza, kisha akamwuliza kama amelielewa. Wa tatu, Anatoli, aliyesomea udaktari, alichukua karatasi akamchorea moyo. Kornelia akaanza kulainika, akidhani anaambiwa jambo. Anatoli akaendelea kumwonyesha mishipa, mmoja mmoja, kwa majina yake ya Kilatini.

"Mimi wamenigeuza ubao wa darasani," Kornelia alimwambia Lukresia, msichana wa Bukoba waliyekaa naye chumba kimoja. "Wanakuja, wanaandika, wanaondoka."

Ndipo akatokea Mihayo.

Mihayo alikuwa mwana wa wafugaji wa Nkololo, mwaka wa tatu, bingwa wa midahalo chuo kizima. Jioni moja alisimama kutetea kwamba Tanganyika iko tayari kujitawala, akasema mpaka wapinzani wake wakasahau kupinga wakampigia makofi. Watu walipotawanyika alimfuata Kornelia mlangoni, akainamisha kichwa kidogo.

"Mwadila, ng'wana Boniventura," alisema.

Kornelia alishtuka. Tangu ashuke melini hakuwa amesalimiwa kwa Kisukuma. Mjini Kampala Kiingereza kilikuwa cha masomo na Kiganda cha kununulia ndizi. Lugha ya mama yake aliisikia ndotoni tu. Akaitikia, na macho yakamlenga machozi kabla hajajua sababu.

Tangu siku hiyo wakawa wanatembea pamoja Jumapili baada ya misa, wakiteremka hadi Wandegeya kula mahindi ya kuchoma. Mihayo alikuwa mcheshi, hana majivuno, na alimheshimu. Kornelia alimpenda, hilo hakulificha. Lakini kijana huyo kwa kusema! Ukianza sentensi, yeye huimalizia, na mara nyingi huimalizia vizuri kuliko ulivyokusudia, na hapo ndipo palipoudhi.

Mwishoni mwa muhula akamwomba wachumbiane. Alitoa sababu nne, na sababu ya tatu ilikuwa na vifungu viwili. Kornelia alisikiliza mpaka mwisho.

"Umenieleza vizuri kwa nini mimi nakufaa wewe," alisema. "Sasa mimi..."

"Sasa wewe unataka kujua kama mimi nitakufaa," Mihayo alidaka. "Swali zuri. Kwanza..."

Kornelia akaangua kicheko, akamziba mdomo kwa daftari. "Likizo njoo Lamadi utusalimie. Mama yangu hajui kusoma, ila watu anawajua. Akikuelewa, tutazungumza."

Walisafiri kwa meli moja hadi Mwanza, kisha kila mtu akashika njia ya kwao. Mihayo alikaa Nkololo wiki mbili akiitunga hotuba yake. Aliijaribu mbele ya ng'ombe wa baba yake akiwa malishoni, akairekebisha, akaijaribu tena.

Kwao Kornelia, nyumba ilikuwa hatua chache kutoka ziwani. Boniventura alikuwa mvuvi, na mkewe, Kwandu, alibanika samaki na kuwapeleka kwenye magulio, mpaka Bariadi. Kornelia alipomweleza kwamba mwanafunzi mwenzake wa Nkololo atapita kusalimia, mama aligeuza samaki kwenye kichanja, akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho.

"Wa Nkololo? Watu wale ng'ombe wanamjua kwa jina na ukoo. Samaki ukiwapa hawajui waanzie kichwani au mkiani."

Mihayo alifika Alhamisi mchana kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, kibuyu cha samli kutoka kwa mama yake kikiwa kimefungwa nyuma. Alisalimu kwa adabu, akapewa maji ya kunawa na kigoda karibu na Boniventura. Akakohoa kidogo ili aanze. Kwandu akamkatiza: mgeni hula kwanza. Akatenga ugali wa mtama na bakuli la ningu wa mchuzi. Sasa ningu ni samaki mtamu, lakini ana miiba mingi kuliko nyama, na watoto wa Lamadi hufundishwa kumla kimya kimya.

Mihayo alimega tonge, akachovya, akala kipande kikubwa, akaona hakuna sababu ya kungoja.

"Baba," alianza, "na mayu, nimekuja mbele yenu..."

Hakufika mbali zaidi. Macho yalimtoka, mkono ukaenda kooni. Boniventura akamwamuru ameze tonge kavu bila kutafuna. Akameza, mwiba ukazidi kuchimba. Kwandu akaleta ndizi mbivu. Jirani mmoja akaja na kipande cha nyavu kuukuu akamzungushia shingoni, kwa kuwa kwa imani yake kilichomleta samaki ndicho kitakachomwondoa. Mihayo alikaa na nyavu yake shingoni, machozi yakimtiririka, huku Kornelia hajui acheke au alie.

Mwishowe Boniventura na Kornelia wakampeleka zahanati, mwendo wa maili mbili. Dresa aliyekuwa huko, bwana mmoja mfupi aitwaye Marcelo, alimpanua kinywa, akaingiza koleo refu, na kwa mvuto mmoja akautoa mwiba mrefu kama sindano ya kushonea magunia.

"Koo limechanika," Marcelo alisema. "Usiseme mpaka Jumanne. Kunong'ona pia marufuku. Kidonda kikioza humo, hospitali ya Mwanza utaijua."

Mihayo akafungua kinywa kuuliza.

"Umeanza!" Marcelo akafoka, na kinywa kikafungwa.

Basi bingwa wa midahalo wa Makerere akalala Lamadi, katika nyumba ya kaka zake Kornelia, akila uji vuguvugu. Alikuwa na penseli na daftari, lakini Kwandu hakujua kusoma, na Boniventura alisoma polepole mno, kidole kikifuata kila herufi. Hotuba ikabaki kifuani kama mzigo usio na mnunuzi.

Ijumaa asubuhi Kwandu alimkuta ameketi karibu na kichanja akichochea moto bila kuambiwa.

"Mihayo," alisema huku akicheka. Kwa Kisukuma mihayo ni maneno. "Maneno gani haya yasiyosema? Lakini afadhali. Wasomi wengine wakija hapa, mtu hapati hata pa kutia kikohozi."

Akaketi, akaanza kupanga samaki na kusema. Alisimulia bei, akasimulia mamba aliyeng'ang'ania nyavu, akasimulia gulio la Bariadi na wanawake wake wabishi. Mihayo alimtazama usoni na kutikisa kichwa panapostahili. Kornelia alikuwa upande wa pili wa kibanda akitwanga, na baada ya muda alisikia sauti ya mama yake imeshuka.

"Mimi nilitaka shule," Kwandu alikuwa akisema. "Masista walikuja kwa baba yangu mara mbili. Baba akasema nani atachota maji. Nilijificha kwenye matete mpaka jua likazama, nikilia. Huyu Kornelia alipozaliwa, nilimwambia baba yake: huyu hachoti maji ya mtu. Samaki wote ninaowabeba kichwani ni kwa ajili ya hilo."

Mchi ukasimama mkononi mwa Kornelia. Miaka ishirini na miwili, na habari hiyo hakuwahi kuisikia. Alijua mama yake alibeba samaki; matete hakuyajua. Alichungulia kwenye ufa wa kibanda. Mihayo alikuwa ameinamisha kichwa, akipangusa macho kwa kiganja, na safari hii si mwiba uliomliza.

Jumamosi Boniventura alimchukua ziwani. Mfugaji alishika kasia kinyume, akavuta nyavu upande usiostahili, akatumbukia majini hadi kiunoni. Hakuweza kujitetea wala kueleza kwamba kwao mito hukauka. Alicheka tu, bila sauti, mabega yakitikisika. Boniventura alirudi nyumbani akasema, "Kijana huyu anafundishika," na kwa Boniventura hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Jumapili baada ya sala, Kornelia na Mihayo waliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mahali ambapo nyumba nzima iliweza kuwaona. Upepo ulikuwa mzuri. Kornelia alimsemesha kuhusu chuo, kisha, bila kupanga, akaanza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Wote wanadhani nikimaliza nitafundisha Tabora, au Mwanza mjini," alisema. "Na mimi nimekuwa nikiitikia. Lakini moyoni naona..."

Akanyamaza. Kwa mazoea alikuwa akingoja Mihayo amalizie.

Mihayo hakumalizia. Alimtazama, penseli imetulia kwenye goti. Ndege wawili weupe walitua kwenye maji, wakaruka tena. Kornelia akaona kwamba sentensi ile iko mkononi mwake peke yake, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuuona mwisho wake.

"Naona nataka kurudi huku," alisema polepole. "Huku huku kwetu. Wasichana wa huku wanaishia darasa la pili. Nataka shule ya wasichana yenye bweni, hata kama ni la udongo, ili baba wa mtu asiseme njia ni ndefu. Na naogopa. Naogopa nikiolewa nitaambiwa ningoje mtoto akue, halafu nitangoja wa pili, na siku moja nitajikuta namsimulia mgeni asiyeweza kujibu, kando ya moto, kwamba nilitaka shule."

Mihayo akashika penseli. Kornelia alijitayarisha kwa kurasa nne. Daftari lilipomfikia lilikuwa na maneno machache: *Sikujua. Nilikuwa sijauliza. Bweni la wasichana wangapi?*

Kornelia alisoma mara mbili. "Thelathini," alisema. Mihayo akaandika: *Maji yatatoka wapi?* Wakaendelea hivyo, yeye akisema, kijana akiuliza, mpaka Kwandu akawaita kula.

Jumanne asubuhi Marcelo alichungulia lile koo akaridhika. Waliporudi, nyumba nzima ilikuwa imekusanyika uani kusikia sauti ya mgeni. Kwandu alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

Mihayo alisimama. Sauti ilitoka na mikwaruzo kidogo, kisha ikanyooka. Akawashukuru. Akamshukuru Boniventura kwa ziwa, Marcelo kwa koleo, jirani kwa nyavu. Akasema alivyomwona Kornelia mlangoni baada ya mdahalo, akasema alichojifunza kandokando ya kichanja, akaingia kwenye mambo ya shule ya bweni, udongo gani unafaa kwa matofali, akapita kwenye uhuru wa Tanganyika, akarudi. Jua lilikuwa upande wa mashariki alipoanza. Alipofika mwisho vivuli vilikuwa vimeingia miguuni mwa watu.

Kwandu alikuwa ameshika tama. "Mayu wee! Kumbe yote haya yalikuwa humo ndani!"

Mihayo akatahayari. "Mayu, nisamehe. Mmenipenda kwa makosa. Mimi si mpole. Mimi ndiye huyu wa leo. Siku zile nilifungwa na mwiba."

"Mwiba ulitoka Alhamisi," Kwandu alisema. "Tulikuwapo. Siku zilizobaki ulinyamaza mwenyewe."

"Dresa alinikataza kusema."

"Kusema, ndiyo. Kusikiliza alikuamuru nani?"

Boniventura, ambaye kwa desturi hakutumia maneno mawili pale ambapo moja latosha, alisema kwamba wazee wa Nkololo wakitaka kuja, njia wataiona.

Kornelia alimsindikiza Mihayo hadi barabara kuu, baiskeli katikati yao.

"Nitamaliza masomo," alimwambia. "Kisha nitafundisha miaka miwili kabla ya ndoa. Na shule ile si ndoto ya kuzungumziwa wakati wa chai."

Mihayo alivuta pumzi, na Kornelia aliona hotuba ikipanda kifuani kama maji ya kisima. Ikafika shingoni. Ikatulia.

"Na ukichoka kunisikia, nitajuaje?" aliuliza.

"Nitakuambia."

"Utaniambia kweli?"

"Mbele za watu."

Akapanda baiskeli, akaanguka kwa kutazama nyuma, akapanda tena.

Wazee wa Nkololo walikuja kabla pamba haijaisha kuchumwa, wakapokewa vizuri, wakapewa nyama, si samaki, maana Kwandu alisema hataki kesi ya pili. Muhula ulipokaribia, wachumba hao wawili walipanda meli Mwanza, wakaketi sitaha ya nyuma na ramani waliyoichora wenyewe. Kornelia alitaka shule iwe Lamadi kwenye maji. Mihayo alitaka iwe Nkololo kwenye wasichana wengi. Alisema robo saa nzima kutetea Nkololo. Kornelia alimsikiliza, akasema nusu saa kutetea Lamadi, na hakuna aliyemmalizia sentensi hata moja. Meli ilipotia nanga Bukoba, abiria wengine walikuwa wamekwisha kujigawa: wanaume waliokuwa karibu walishika upande wa Nkololo, wanawake upande wa Lamadi, na mama mmoja mwenye kuku wawili alisema iwe Bariadi, katikati, watu waache kelele.