Nusu Saa Kabla ya Kupima

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, kipimajoto kilisoma thelathini na nane nukta nne. Baba wa mtoto akakisoma tena, akakifuta kwa pamba yenye spiriti, akakirudisha alani kama askari arudishavyo upanga.

"Imepanda," alitangaza.

"Nini?" mama mkwe wake aliuliza kutoka jikoni.

Nyumba nzima ilimwita Mkaguzi, hata mkewe, kwa sababu ya kazi yake: alipita duka hadi duka akikagua mizani, iliyo sawa akaipiga muhuri, iliyopinda akaichukua. Aliwahi kumrudishia mwenye duka gramu kumi za sukari zilizozidi, akashangaa kwa nini hakushukuriwa. Hisia, alipenda kusema, hazina muhuri.

Binti yake wa miaka sita waliyemwita Chiriku, kwa maana mdomo wake haukujua likizo, alikuwa na ugonjwa wa mitokondria. Daktari wa watoto aliwaeleza kwa lugha nyepesi: ndani ya kila seli ya mwili mna meko madogo yanayogeuza chakula kuwa nguvu, na meko ya Chiriku yanafuka moshi tu. Homa hula kuni nyingi. Mtoto mwingine akikosa chakula asubuhi moja, ana akiba. Huyu ghala lake ni tupu.

"Na homa yake yaweza kukaa siku nyingi hata tukitafuta maambukizi tukayakosa," daktari alisema. "Msishindane na namba. Mpeni dawa kama nilivyoandika, mvisheni nguo nyepesi, na kubwa kuliko yote, asikae na njaa. Kidogo kidogo, mara kwa mara. Akitapika, akilegea au akinyamaza, mleteni."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa kila neno, kisha akauliza swali moja: kipimajoto cha aina gani?

Alinunua viwili. Vilipotofautiana kwa nukta mbili, akanunua cha tatu kiwe hakimu. Kupima kwapani alikataa katakata. Kwapa, alisema, ni mizani isiyopigwa muhuri. Angepima chini ya ulimi. Na chini ya ulimi kuna sharti lake: mtoto asile wala asinywe nusu saa kabla ya kupima. Mkaguzi alilishika sharti hilo kama amri ya mahakama. Alipima kila baada ya saa moja.

Hii ilikuwa siku ya nne ya homa. Vipimo vya jana havikuonyesha maambukizi yoyote. Mkewe alikuwa kazini. Mkaguzi alichukua ruhusa, kwa kuwa kazi nyeti haiachiwi mtu yeyote.

Bibi, mama mkwe wake, aliingia na kikombe cha uji.

"Samahani, mama. Nimebakiza dakika ishirini nipime."

"Na uji nao unapimwa?"

"Ukipita mdomoni utaongeza joto. Namba itadanganya."

"Maji je?"

"Yatapunguza."

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Pole, mke mwenzangu. Mdomo wako una mpangaji, na kodi hataki kulipa."

Chiriku alicheka mpaka akakohoa. "Baba, leo nimepata ngapi?" aliuliza. Alizoea kudhani zile ni alama za mtihani.

Dakika ishirini zilipokwisha, uji ulikuwa umepoa na kuota ngozi. Ukarudishwa motoni, ukarudi unaunguza, ukasubiriwa upoe. Chiriku akameza vijiko viwili. Kijiko cha tatu kilikuwa hewani Mkaguzi alipomshika mama mkwe wake mkono, kwa adabu zote. Muda ulikuwa umeingia tena.

Hivyo ndivyo asubuhi ilivyokwenda. Ruhusa ilipokuja, mtoto alikuwa amesinzia. Alipoamka, ruhusa ilikuwa imekwisha.

Adhuhuri, kipimajoto kikasoma thelathini na nane nukta moja. Mkaguzi alimpigia mkewe simu, kifua mbele.

"Inashuka!"

"Anasemaje?"

"Nani?"

"Mwanangu! Anasemaje?"

Mkaguzi aliangalia kitandani. Chiriku alikuwa macho, lakini hakuuliza amepata ngapi. Alimwinua mkono, ukaanguka kama kitambaa.

"Hasemi kitu," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Alimpigia daktari, akaweka simu kwenye spika, akamsomea namba zote tangu alfajiri kwa kichwa, bila kukosea hata nukta.

"Joto nimesikia," daktari alisema. "Amekula nini?"

Mtu aliyejua uzito wa kila jiwe la mizani mjini alimgeukia mama mkwe wake.

"Vijiko viwili," Bibi alisema. "Kile cha tatu ulikikamata."

"Kwa nini viwili?" daktari aliuliza.

"Daktari, ngoja nikueleze," Mkaguzi alianza, akanyamaza. Maneno hayo aliyajua. Ndiyo waliyomwambia wenye maduka wote aliowakuta na sumaku chini ya sahani ya mizani. "Nilikuwa napima," alimalizia.

"Mlete sasa hivi. Kama anameza vizuri, mpe maji ya glukosi kidogo kidogo njiani. Asipomeza, usimlazimishe. Nawaambia mapokezi wasiwakawishe."

Ndani ya teksi Bibi alinywesha, Mkaguzi alishikilia kichwa. Hospitalini muuguzi alimtoboa mtoto kidole: sukari ilikuwa chini sana. Dripu ya sukari ikatundikwa. Kisha muuguzi akampachika Chiriku kipimajoto kwapani.

Mkaguzi alifumbua mdomo. Bibi alimwangalia. Akaufumba.

"Thelathini na nane nukta sita," muuguzi alisema, akaendelea na shughuli zake kana kwamba si kitu.

Mkewe alifika akihema, mkoba begani. Alimgusa mtoto paji la uso, kisha akamgeukia mumewe. "Imekuwaje?"

"Nimemnyima chakula ili nimpime."

Mkewe alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ukikuta mtu ana mizani mbovu dukani," alisema, "unafanyaje?"

"Naichukua."

Akanyoosha mkono. Mkaguzi alitoa kipimajoto mfuko wa kushoto, cha pili mfuko wa kulia, na baada ya kuangaliwa kidogo, akatoa na yule hakimu mfuko wa shati.

Jua lilipokuwa linaondoka dirishani, homa bado ipo, Chiriku alifumbua macho akaona mkono mtupu wa baba yake.

"Baba, nimepata ngapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui?" Akamgeukia Bibi, amestaajabu. "Bibi, Baba hajui! Uji wangu uko wapi?"

Bibi alifunua chupa ya uji aliyoibeba kwapani tangu nyumbani, akamimina kwenye kikombe. Chiriku alimeza kijiko cha kwanza, akameza cha pili, akameza cha tatu.