Mbwa Asiyeshiba

Jumamosi ile Sietske Hoekema alikuwa amekaa pale pale anapokaa kila Jumamosi, kwenye meza ya dirishani ya klabu ya wapenda elektroniki mjini Sneek, akilehemu spika ndogo isiyozidi ukucha. Klabu ilipanga katika kiwanda cha zamani cha siagi, na siku za mvua kuta zake bado zilinuka maziwa. Harmen, mwenyekiti, alipita na kahawa, akampa kila mtu biskuti moja, akafunika kopo.

"Hii nayo nini?" akauliza.

"Mbwa."

Harmen akaitazama bodi ya saketi, betri, vitufe vitatu na kioo kidogo kama cha saa. Akasema ni mbwa mzuri, ila mkia ameusahau, kisha akaendelea na kopo lake.

Mbwa huyo alikuwa wa baba yake Sietske, Mzee Douwe. Vuli iliyopita walimpeleka nyumba ya wazee nje ya mji, akafika na mbwa wake Bolle kwenye kamba. Mlangoni palibandikwa kibao: wanyama hawaruhusiwi. Bolle akachukuliwa na familia moja ya Zwolle, watu wema tu, wakambadilisha jina. Mzee Douwe hakugombana na mtu. Alianza tu kusema hana njaa. Alisema hivyo asubuhi, mchana na jioni, kwa adabu, na ilipofika Krismasi suruali zake zilikuwa zinashikiliwa na mikanda ya mabegani peke yake. Daktari alimpima hakuona ugonjwa. Sietske alijua baba yake anakufa, akawa anasimama ubaoni, yeye mwalimu wa hesabu, asikumbuke ameandika nini.

Ndipo akatengeneza mbwa wa kifaa. Alimchora kwa vitone vyeusi na vyeupe. Kitufe cha kwanza cha kumlisha, cha pili cha kucheza naye, cha tatu cha kumtoa nje. Kisha, kama ilivyo desturi ya klabu, akaweka mtandaoni michoro yote na programu yote, ili yeyote duniani achukue bure, atengeneze wake, na akiona kosa alirekebishe. Jumapili akampelekea baba yake.

Mbwa akalia njaa. Mzee Douwe akabonyeza kitufe cha kwanza, mfupa wa vitone ukashuka, mbwa akautafuna, akalia zaidi. Akabonyeza tena. Mbwa akalia kama hajala wiki nzima. Mzee akasema mifupa ya namna hiyo hata yeye isingemtosha, akakata kipande cha mkate na jibini kutoka sahani yake, akakisogeza kwenye kioo. Mbwa akakitazama, asikiguse. Akamtazama mzee. Mzee akang'ata kwanza yeye, akatafuna, akameza. Hapo mbwa naye akachukua kipande chake, kikapita kioo na kuingia ndani, akaacha ukoko na mate kidogo.

"Ukoko hataki," Mzee Douwe akamwambia bintiye. "Bolle huyu."

Siku zilizofuata alikuwa anaomba sahani mbili. Manyoya yakaanza kuonekana kwenye blanketi. Mvua ikinyesha, na kitufe cha tatu kikibonyezwa, chumba kilinuka mbwa aliyelowa, na nyayo zenye matope zilitoka mlangoni hadi kitandani. Mfanyakazi wa usafi aliomba abadilishiwe ufagio.

Kule mtandaoni, mwanamke mmoja wa Coimbra, Ureno, asiyejuana na mtu yeyote pale klabuni, aliandika kwa heshima kwamba ameona kosa. Mahali pa kutoa, Sietske alikuwa amejumlisha. Kila mbwa anapolishwa kwa kitufe, njaa yake inaongezeka badala ya kupungua. Mama huyo alikuwa ameshaandaa marekebisho, ilibaki Sietske ayakubali tu.

Harmen alicheka hadi akavua miwani. "Kosa la darasa la pili, na wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Haya, kubali yaishe, usituaibishe."

"Nikirekebisha, atashiba kwa kitufe."

"Si ndiyo kazi ya kitufe?"

"Mbwa akishiba, Baba ataacha kula."

 Harmen akafungua kopo, akampa biskuti ya pili, jambo ambalo klabuni hapo halijawahi kutokea.

Sietske alimjibu mama wa Coimbra akamshukuru na kumwomba radhi: kosa libaki. Mama akajibu kwamba anaelewa. Aliandika marekebisho yale kabla hajawasha cha kwake. Sasa amemtengenezea mama yake paka kwa michoro hiyo hiyo, paka anakula dagaa wa bibi huyo kila siku, na bibi naye hakubali kupitwa.

Jirani wa Mzee Douwe, Mzee Wybren, alikuwa mfugaji, na mbwa hakumtaka. Alitaka ng'ombe. Kwa kuwa programu ilikuwa ya wote, Harmen aliigeuza jioni moja, akamchora ng'ombe mwenye mabaka na kuongeza kitufe cha nne. Asubuhi iliyofuata Mzee Wybren alikamua kwenye sinki la kunawia. Jikoni wakaona ni uchafu, wakampa ndoo. Maziwa yalikuwa ya moto, yenye malai nene, na uji wa siku hiyo uliliwa hadi masufuria yakakwanguliwa. Baada ya hapo kila chumba kikaagiza chake: bata bukini, mbuzi, farasi wa mkokoteni. Klabu ilifanya kazi hata siku za Jumatano.

Manyoya ndiyo yaliyomleta mkurugenzi, Bi Terpstra. Aliingia chumbani mwa Mzee Douwe, akakinyanyua kifaa, akakipima kwa mkono. Mbwa akamlamba kiganja. Bi Terpstra akajifuta kwa kitambaa, akatamka uamuzi wake.

"Hiki ni kifaa. Vifaa vinaruhusiwa."

Ukumbini waliposikia wakagonga vijiko mezani. Mzee Douwe hakugonga. Alimtazama mama yule bila hasira.

"Basi na Bolle wa Zwolle aje, Bi mkurugenzi. Huyu tayari anamwaga manyoya yake."

"Yule ni mnyama, Mzee Douwe. Kanuni ni kanuni."

Ng'ombe wa chumba cha pili alilia akitaka kukamuliwa, na Bi Terpstra akawahi kumwita Mzee Wybren.

Hata hivyo ule ulikuwa ushindi, na Sietske aliufurahia kama ushindi. Majira ya kuchipua yalipofika, baba yake alinunuliwa suruali mpya na mshipi wa kawaida. Kila alasiri alitembea ukingoni mwa mfereji, mbwa akiwa mfukoni mwa koti, na mbwa alipobweka mabata wote wa ng'ambo waliruka. Siku ya kusherehekea ushindi huo klabu nzima ilikuja na mkate wa sukari na siagi. Hakuna sahani iliyorudi jikoni na chakula. Sietske alisimama katikati ya ukumbi, kelele za mbuzi na bata zikimzunguka, akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Saa hiyo hiyo mkazi mpya, Bi Froukje, alifika mlangoni na mwanawe. Alikuwa amekumbatia kikapu chenye paka wa kijivu. Mwanawe akasoma kibao, akakichukua kikapu taratibu mikononi mwa mama yake, akakirudisha garini. Sietske alikuwa ameambiwa tangu juzi kwamba anakuja, na paka wa kifaa alikuwa tayari mfukoni mwake. Akampa.

Bi Froukje akakigeuza kile kisanduku. Paka akalia ndani yake. Garini nako paka akalia.

"Ana njaa," Bi Froukje akasema.

"Huyu hashibi, mama. Na hali mpaka uanze wewe."

Mzee Douwe akamvutia kiti, akampakia siagi kwenye mkate, akamsogezea sahani. Bi Froukje alitazama dirishani, akatazama kisanduku, kisha akang'ata. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nje, gari likawashwa, likaondoka na paka.