Kijani cha Kuazima

"Wanachukua wako, wanakurudishia wa mwingine."

Maneno hayo yalimkuta Mama Kitinda akipiga pasi kwa dobi, na tangu hapo yakamkaa kama maji yaliyoingia sikioni.

"Nani kasema?"

"Mtaa mzima," alijibu mwenzake wa meza ya pili, macho kwenye kola ya shati. "Mjukuu wa fundi cherehani si alikwenda kwenye kituo cha lile shirika la lishe akiwa mbavu tupu? Karudi ana mashavu kama anapuliza moto. Bibi kanyoosha mikono ampokee, mtoto kaangua kilio. Mjukuu gani huyo asiyemjua bibi yake?"

Mama Kitinda aliisahau pasi mahali pamoja. Shati la mteja likaungua mfukoni.

Jambo lenyewe lilikuwa limeshamfikia mlangoni. Mhudumu wa shirika, aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto waliodhoofu, alikuwa amemwona kitindamimba wake, Kitinda, mtoto wa kike ambaye hata kutembea hakuwa ametembea vizuri, na mikono yake myembamba kama mwiko. "Mlete kesho apimwe, mama," alisema. "Hatukufanyii hisani. Matibabu ni haki ya mtoto."

Haki! Neno hilo ndilo lililomtisha zaidi. Haki si huja na askari?

"Mpeleke," alisema mumewe, mlinzi wa usiku, ambaye mchana alijibu kila kitu akiwa nusu usingizini.

"Na wakimbadilisha?"

"Basi usimpeleke."

"Sasa nishike lipi, baba?"

Mumewe alikuwa ameshaanza kukoroma.

Akienda, watamchukua. Asipoenda, watamfuata. Aliligeuza hilo kichwani mpaka likamtoa jasho, kisha akagonga chumba cha jirani kwa wifi yake, dada wa mumewe, mwenye binti wa rika lilelile aliyeitwa Bonge, na jina lilimkaa.

"Wifi, niazime mwanao."

"Nikuazime? Kwani mwanangu sufuria?"

"Asubuhi moja tu. Wakimpima huyu, wataniacha na wangu."

"Na wakimchukua Bonge?"

"Walionona hawawataki. Wanataka wembamba."

Wifi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Haya. Lakini ukinirudishia mwembamba, hapa hatutakaa."

Bonge akavishwa gauni la Kitinda. Vifungo vya mgongoni vikagoma, mtandio ukafunika aibu. Kituoni, kwenye ukumbi wa kupimia watoto, muuguzi alimzungushia mkononi utepe wa rangi tatu, akausoma, akatabasamu.

"Kijani! Hongera mama, mwanao yuko salama."

Mama Kitinda alishukuru kwa moyo wote. Hapo ndipo alipopotelea. Alijua fika ni nani aliyepimwa, lakini lile neno aliondoka nalo kama lake. Kitinda alipokataa uji, alijiambia, "Lakini si wamesema kijani?" Kwa dobi akatangaza, "Wangu kapimwa, hana neno," na kila alipolisema, likazidi kuwa kweli kidogo.

Kisha miguu ya Kitinda ikaanza kujaa. Uso nao ukafuata.

"Unaona?" alimwita wifi. "Ananenepa mwenyewe, bila shirika!"

Wifi alikuwa akiwatazama watoto. Bonge alikuwa amempokonya Kitinda kijiko chake, na Kitinda hakulia, hakunyoosha hata mkono. Wifi akachuchumaa, akabonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Kidole kilipotoka, shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Wifi," alisema taratibu, "unene gani huu unaobonyea?"

Mama Kitinda alifika kituoni bila viatu. Muuguzi ni yuleyule. Alibonyeza mguu mara moja tu, akambeba Kitinda kuelekea chumba cha ndani. "Huu ni utapiamlo mkali. Leo harudi nyumbani." Halafu akageuka. "Mama, si wewe uliyekuja na mtoto wa kijani? Yuko wapi yule?"

Mlango ukafungwa. Kile alichokuwa akikikimbia kimetokea, na yeye ndiye aliyebaki anaulizwa. Mwanamke mwenye miwani, afisa wa haki za watoto, akamvutia kiti.

"Huyu aliyeingia ndani ni wako?"

"Wangu."

"Na yule wa kwanza?"

"Naye alikuwa wangu. Siku ile."

"Leo si wako?"

"Leo ni wa wifi."

Afisa alivua miwani, akaivaa tena. Mama Kitinda alijaribu kueleza: pasi, cherehani, mashavu, askari; kila alipoanza, alianzia mahali pengine. Ndipo wifi akaingia akihema, Bonge mgongoni.

"Kijani chenu hiki hapa! Mtapima tena au mmetosheka?"

Afisa aliuma mdomo asicheke, kisha akawa si wa kucheka tena. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunaongea mengine. Mama, hapa mtoto hatenganishwi na mama yake. Mtalala kitanda kimoja. Ingia."

"Basi yule mjukuu wa fundi cherehani alilia nini?"

"Sijui, mama. Labda hakutaka kubebwa."

Alikaa naye. Kwa maziwa ya dawa uvimbe ulishuka, na mtoto akaonekana mwembamba kuliko alivyoingia. "Mbona mnamkondesha?" alilalamika. "Yanayotoka ni maji," alisema muuguzi. Hakuelewa, lakini safari hii alibaki. Taratibu mashavu yakaja, na kilio kikarudi, kikali, cha kudai kijiko.

Siku ya kutoka, ingawa hakubanduka kando ya kile kitanda, alichungulia nyuma ya sikio la mwanawe. Alama ya kuzaliwa ilikuwepo.

Mumewe aliwasubiri getini, ametoka lindoni. Akanyoosha mikono. Kitinda akamtazama, akaangua kilio.

"Huyu," mumewe alianza, "ni wetu kwe—"

Mama Kitinda alimziba mdomo kwa kiganja, kabla mtaa haujasikia.

Basi, mama mwenzangu:

Usiazime mtoto ukampima badala ya wako.

Usifurahie unene wa ghafla. Bonyeza mguu kwanza. Shimo likibaki, kimbia.

Usingoje alie. Aliyezidiwa hunyamaza.

Usimkimbie anayetaja haki ya mtoto. Muulize ni haki gani.

Usiseme "mtaa mzima". Nenda kwa bibi mwenyewe ukamuulize.

Usiombe ushauri kwa mtu aliyetoka lindoni.